Sketi ya Kuzikiwa

Mimi nina jicho la kuona kasoro, na sioni sababu ya kujidai sina. Nipe doti ya kanga, niikunjue mara moja tu, nitakwambia kama pindo limeingia kwenye mji, pale katikati, kama rangi imevuja kwenye ncha, kama mtambo wa kiwandani uliruka. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye anaagiza kanga kutoka Guangzhou, Uchina, tangu mimi niko sekondari, hakuniita kwake Xiaobei, mtaa wa mji huo huo, kwa ajili ya shahada zangu. Aliniita kwa ajili ya jicho hili. Akanipa kitanda kwenye chumba chake cha ghorofa ya saba, na kila Alhamisi tukawa tunakwenda stoo kukagua mzigo kabla haujafungwa kwenda bandarini Nansha. Yeye anashika kalamu, mimi nakunjua. Ananiuliza, "Ipite au irudi?" Mimi najibu, naye anaandika.

Upande wangu nilikuwa na shughuli yangu. Nilikuwa nasomea anthropolojia, na chuo kilitaka nikae mwaka mzima uwandani, niishi na watu, niwaone wanavyofanya kazi, kisha niandike. Nilipomweleza Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akasema hiyo si kazi, huo ni umbea wenye cheti. Tulicheka sote wawili, lakini kwa kweli hakuwa mbali. Mada niliyoiombea ruhusa ilikuwa wafanyabiashara wetu wa Xiaobei na nguo wanazonunua. Kwa miezi mitatu nilijaza madaftari mawili, na yote mawili yalikuwa yananichosha mwenyewe. Kila niliyetaka kumhoji alinigeuza mkalimani, kwa kuwa Kichina changu nilikisoma darasani na kilikuwa kimenyooka. Nikawa nashinda nawaambia malaoban, yaani mabosi wa maduka, kwamba bei yao haiwezekani, kisha nawageukia watu wa Kariakoo kuwaambia mei you, hakuna, saizi hiyo imekwisha.

Nilichokuja kukisoma hasa nilikikuta nyuma ya kibanda cha nguo za watoto, kwenye moja ya majengo ya jumla ya Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni. Siku hiyo Shangazi alikuwa anachagua magauni ya sikukuu. Mimi nilichungulia nyuma ya pazia nikamwona bibi kizee ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, nyayo zake mbili zinasukuma fimbo. Kutoka kwenye fimbo ile nyuzi zilikuja mpaka kiunoni kwake, zikafungwa kwenye mkanda uliozunguka mgongo. Hapakuwa na fremu wala mashine. Mwili wake ndio uliokuwa mtambo: akisukuma miguu nyuzi zinakaza, akiinama kidogo zinalegea. Mapajani alikuwa na kitambaa cheusi chenye michoro myekundu na ya njano, na naapa, katika kukunjua kwangu kote sijawahi kuona kitu kilichokaa sawa namna ile. Shangazi aliniita mara tatu kabla sijamsikia.

Mwenye kibanda alikuwa binti yake, mwanamke wa makamo mwenye haraka. Nilimuuliza kitambaa kile anakiuza bei gani. Akanijibu kwa mkato kwamba hicho ni cha mama, na hakiuzwi. Ghorofa juu ya ghorofa za nguo, miezi mitatu ya kuuliza bei, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuambiwa hivyo. Kesho yake nilirudi peke yangu.

Bibi yule kila mtu pale alimwita Apo, ambalo ndilo neno la huku la kumwita bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mli, mmoja wa watu wa milimani kwenye kisiwa cha Hainan, na Kichina chake kilikuwa cha kujifunza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko alivyoelewana na majirani zake. Nilimwambia nataka kujifunza kufuma. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, maana mimi ni mrefu, akasema miguu ninayo, lakini kama mgongo ninao hajui. Akanipa fundo la nyuzi zilizosokotana, kubwa kama boga, nilifungue bila kukata hata uzi mmoja. Nilikaa nalo siku nne. Siku ya tano nilimrudishia uzi uliozungushwa vizuri, akaupokea, akanivalisha mkanda mgongoni.

Jamani, tusidanganyane, ile kazi inauma. Nusu saa ya kwanza unajiona malkia. Ikifika saa nzima nyonga hazipo, nyayo zimekufa ganzi, na uzi uliouachia kidogo tu umelegea wote. Apo alikaa kando yangu na ubao wake mrefu wa kugongea nyuzi, na kila nilipopinda mgongo alinigusa nao kwenye mbavu. Kosa langu kubwa kwake lilikuwa moja: navuta mno. Nikipitisha uzi nauvuta mpaka kitambaa kinabana ukingoni. "Unavuta mno," aliniambia asubuhi, akaniambia mchana, akaniambia tukiagana. Nilimjibu kwamba kwetu kitambaa kilicholegea hakinunuliwi. Akasema basi ndiyo maana nyote mna haraka.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba wao wanafuma mgongo wa kitambaa ukiwa juu. Uso, ule upande mzuri, unaangalia chini, mapajani. Mfumaji anaona ncha za nyuzi tu na vifundo. Mchoro wenyewe anaujua kwa kuhesabu na kwa kupitisha vidole chini yake. Apo hakuhesabu kwa mdomo. Vidole vyake viliokota nyuzi zinazotakiwa na kuziacha zisizotakiwa, huku yeye anamlalamikia binti yake kuhusu bei ya mboga. Mimi niliandika. Kila mstari, kila uzi ulioinuliwa na uliolala, niliuweka kwenye daftari lenye miraba, na daftari lile Apo hakulipenda. Alisema nafuma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Mimi nikaendelea kuandika, na ndani ya miezi mitano nilikuwa nafuma safu ya watu wadogo, wameshikana mikono, bila kuuliza kitu. Nilikuwa mzuri. Hata yeye alikiri, kwa namna yake: aliacha kunipiga mbavu.

Watu wale wadogo ndio waliojaa kwenye kitambaa chake. Nilipomuuliza anamfumia nani, alisema ni sketi yake mwenyewe ya kuzikiwa. Alisema hivyo huku akitafuta miwani yake, kama ananiambia ni sketi ya kwendea sokoni. Kisha akanieleza. Mama yake na bibi zake walichanjwa uso, mistari ya buluu kutoka masikioni mpaka kidevuni, ili wakifika kwa wazee wao waliotangulia watambuliwe kwamba hawa ni wetu. Yeye alizaliwa wakati desturi hiyo imekwisha kukatazwa, uso wake ukabaki mtupu. Kwa hiyo kilichobaki cha kumtambulisha ni sketi. Akifika na sketi ya dukani, nani atajua yeye ni wa nani?

Sketi ilikuwa na vipande vinne, vinavyoshonwa pamoja vikazunguka mwili. Vitatu alikuwa amevimaliza miaka mingi nyuma, kabla binti hajamleta mjini kulea wajukuu. Cha nne ndicho alichokuwa nacho mapajani, na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliyekuwa akifuma mtu mmoja kabla ya chakula cha mchana, sasa mtu mmoja alimchukua siku tatu. Binti yake hakufuma wala hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye, alisema, anauza nguo, inatosha.

Ndipo moyo wa Apo ukaanza kusumbua, na daktari akataka alazwe. Asubuhi ya kuondoka, binti anamvalisha viatu mlangoni kwao, kule Sanyuanli, Apo aliniita akanionyesha kitambaa kilivyofungwa kwenye fimbo yake. Palibaki watu watano kufika mwisho. Alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Malizia wewe. Fuata nilivyoachia."

Nilivimba kichwa. Nisiseme uongo, nilishuka ngazi zile najiona nimekabidhiwa nchi. Nani mwingine, katika mji mzima, angeweza kupewa kazi ile? Nilimwambia Shangazi jioni ile, akaniuliza kama wananilipa. Nikamwambia haelewi mambo.

Nikawa nakwenda Sanyuanli kila siku baada ya binti kufungua kibanda. Ananipa ufunguo, naketi sakafuni kwa Apo, karibu na dirisha, navaa mkanda wake uliochakaa mahali pa mgongo wake. Siku ya kwanza nilifanya ninachofanya na kila kitambaa: nilikigeuza uso ukaja juu, nikakikagua. Watu wote wa Apo walishikana mikono, mkono wa huyu umeingia kwenye mkono wa yule, safu ndefu bila kukatika. Isipokuwa wa mwisho. Mtu wa mwisho aliyefumwa na Apo alikuwa na mkono mmoja tu. Upande wa kwenda mbele hakuwa na kitu, bega limekatika wima, na baada yake kulikuwa na weusi mtupu wa upana wa mtu mzima.

Jicho langu likaruka hapo hapo. Nikajua kilichotokea, au nilidhani nimejua: mikono ilimtetemeka, macho yakamchoka, akasahau mkono wa mtu wake, akapitisha nyuzi tupu bila kuokota. Roho iliniuma kwa ajili yake. Kumbe bibi wa watu ameshindwa namna hii na hakuna aliyeona. Nikasema mimi nipo. Simu ilikuwa mfukoni, hospitali ilikuwa vituo vichache vya metro, na sikuuliza mtu. Nilifumua ule weusi mtupu, nikafumua na nyuzi zake chache za mwisho, nikampa yule mtu mkono wake. Kisha nikaanza mtu aliyefuata, nikamshikanisha naye, na kuendelea.

Nilifuma siku kumi na mbili. Mtu wa tano alipokamilika nilikata nyuzi kwenye fimbo, nikakigeuza kitambaa, nikakitandaza kitandani kwa Apo. Hapakuwa na pa kunyooshea kidole. Nilipiga picha, na kwenye daftari langu la uwandani niliandika: kosa la macho, limerekebishwa. Maneno hayo bado yapo, kwa mwandiko wangu mzuri.

Apo aliruhusiwa kutoka baada ya wiki tatu. Daktari alikuwa amezungumza na binti pembeni, na binti akakata tiketi za kumrudisha kwao Hainan, siku tisa mbele. Hakuna aliyesema maana yake, na sote tuliijua. Alipofika nyumbani alikuwa mdogo kuliko alivyoondoka. Aliketi kitandani, nikamwekea kitambaa magotini, nikasimama nasubiri sifa zangu.

Hakukigeuza kukitazama. Aliingiza vidole chini, upande wa uso, akaanza kutembea nao kutoka mwanzo: mkono, mtu, mkono, mtu. Uso wake ulikuwa umetulia. Alipokaribia mwisho, vidole vilisimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena, taratibu, vikasimama pale pale.

"Huyu kapewa mkono na nani?" aliuliza.

"Mimi," nikasema, tena kwa fahari. "Ulikuwa umeusahau."

"Sikuusahau." Kidole bado kilikuwa pale pale. "Hapo ndipo ninaposimama mimi."

Akanieleza, pole pole, kwa kuwa pumzi ilikuwa fupi. Wale watu wote ni wa kwao. Mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake. Kila mwanamke wa ukoo wake, akifuma sketi yake ya kuzikiwa, anaacha nafasi moja tupu, ya upana wa mtu. Akifika, wanaiona sketi, wanaiona nafasi, wanamwachia aingie, mmoja anamshika kushoto na mwingine kulia. Hiyo nafasi alikuwa ameikamilisha yeye mwenyewe kabla ya kulazwa, na kuniachia watu watano wa upande wa pili, wa kwanza wao bila mkono wa nyuma. Hakuona haja ya kunieleza. Aliniambia nifuate alivyoachia.

"Sasa wameshikana," akasema. "Nikifika, nitasimama wapi?"

Nimeshakaripiwa na maprofesa, nimeshatukanwa na wenye viwanda kwa kurudisha robota nzima. Hakuna kitu kilichowahi kunipiga kama lile swali, na Apo hakuliuliza kwa hasira hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilipiga magoti mbele yake nikaomba radhi kwa Kichina, halafu Kichina kikanikimbia, nikamalizia kwa Kiswahili. Nadhani alielewa, maana alinigonga kichwani kwa vidole viwili.

Binti alileta mkasi. Alisema kata ule mkono na wa jirani yake, toa nyuzi za rangi, weusi utabaki, nani atajua? Na mimi, kwa ule ukaguzi wangu wa stoo, nilishaona kwamba inawezekana, dakika kumi tu. Apo alikataa. Alisema hao ni mama zake, na mama zake hawakatwi mikono. Kifumuliwe mpaka pale, kifumwe upya.

Siku tisa. Kufumua kitambaa cha namna ile si kuvuta uzi ukaja. Kila uzi umegongwa na ubao mpaka ukalala. Unautoa kwa sindano, ukirudi nao njia ile ile uliyopita, upande mpaka upande, na nyuzi za rangi zisikatike kwa sababu Apo alizitia rangi mwenyewe kijijini na nyingine hazipo. Na kwa kuwa mimi navuta mno, kazi yangu ilikuwa imebana kuliko ya mtu yeyote. Nilijilaani kila mstari. Kwanza ilibidi tuzifunge upya nyuzi nilizozikata kwenye fimbo, moja moja, Apo ananiongoza kwa kidole. Siku mbili na nusu zilikwenda kwa kurudi nyuma tu.

Katikati ya hayo ikafika Alhamisi, na sikwenda stoo. Kontena la Shangazi lilikuwa linafungwa Ijumaa. Alipiga simu, sikupokea. Mchana nikasikia sauti yake kwenye ngazi, anamuuliza kila mtu kwa Kichina chake cha sokoni yuko wapi Mwafrika mrefu. Aliingia amejifunga mtandio kiunoni, tayari kwa vita. Akanikuta sakafuni, mkanda mgongoni, sindano mkononi, macho mekundu. Nikamweleza. Yote, bila kujipamba.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu Shangazi. Tangu alipotoka Hijja hasafiri bila sanda yake. Aliinunua Maka, akaisuuza kwa maji ya Zamzam, na iko chini kabisa ya sanduku lake pale Xiaobei, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na maelekezo ya nani apigiwe simu. Nilipomaliza kusimulia alikitazama kitambaa, akamtazama Apo, akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Sanda ya mtu," akasema, "umeichezea wewe?"

Akavua viatu, akaketi kando ya Apo, akaniamuru nimwambie kwamba na yeye anayo ya kwake, anatembea nayo. Nikatafsiri. Apo akauliza ina michoro gani. Shangazi akasema haina kitu, nyeupe tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Apo alifikiri, kisha akasema kumbe kwenu mnaacha yote wazi. Nilipomtafsiria Shangazi aliinama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akasimama, akasema stoo atakwenda mwenyewe, kanga zikija na mapengo basi na zije, na mimi nisionekane Xiaobei mpaka sketi ya mama wa watu imekwisha. Toka siku hiyo alituma chakula: chapati, maharage ya nazi, na uji mwepesi wa Apo kwenye chupa ya chai.

Tulifika penye pengo asubuhi ya siku ya nne. Yule mtu wa mwisho wa Apo alikuwa tena na mkono mmoja, bega limekatika wima kama alivyomwacha. Nilishika kipande cha mwanzi chenye uzi mweusi nianze kupitisha, Apo akanizuia. Alisema mahali hapo atapita mwenyewe. Hakuweza tena kuvaa mkanda, moyo haukumruhusu. Basi nilibaki nimeuvaa mimi, nikasukuma fimbo kwa nyayo, nikanyoosha mgongo, nikawa nimekaza nyuzi kwa mwili wangu wote, naye akaja akaketi ubavuni kwangu karibu sana, akapitisha uzi kwa mkono wake. Mwanzi ulitetemeka ukienda, ukatetemeka ukirudi. Kwenda, tunapumzika. Kurudi, tunapumzika. Mimi kazi yangu ilikuwa kutokulegea. Nyonga zilinichoma, nikang'ata midomo, na kila alipomaliza kupitisha niligonga kwa ubao, mara moja, kidogo. Ilichukua siku nzima na asubuhi ya kesho yake. Weusi mtupu, upana wa mtu mmoja. Sijawahi kushiriki kazi nzuri kuliko ile, na ukikitazama hakina kitu.

Watu watano waliobaki niliwafuma kwa siku tatu na nusu, bila kufungua daftari. Sikuwa na muda wa kutafuta miraba, na nikagundua siihitaji. Vidole vilikuwa vinajua. Apo alilala kitandani, na kila baada ya muda alinyoosha mkono akaingiza kidole chini ya kitambaa, akapapasa, akasema navuta mno. Usiku wa kuamkia safari, binti, yule yule asiyetaka kusikia, alivishona vipande vinne kwa cherehani ya kibandani, na mishono yake ilikuwa imenyooka.

Niliwasindikiza stesheni. Apo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, sketi imo kwenye begi magotini, na hakukubali mtu amshikie begi lile. Kabla ya kuingia ndani aliniomba mkono. Nikadhani anataka kuniaga. Akanifungulia vidole, akavikagua kimoja kimoja, pale penye sugu, akarudisha mkono wangu kama mtu anayerudisha kitu baada ya kukikagua na kukipitisha.

Nilibadilisha mada ya utafiti wangu, na chuo kikanung'unika, kisha kikakubali. Naandika kuhusu kufuma, na nimeliacha lile neno, kosa la macho, kwenye ukurasa wa kwanza kama nilivyoliandika. Msimamizi wangu alidhani nimesahau kulifuta. Nikamwambia sijasahau.

Ujumbe wa binti ulinikuta stoo, Alhamisi, miezi minne baadaye. Ulikuwa wa sauti. Alisema mama amekufa kijijini kwake, asubuhi, akiwa amelala. Alisema kabla ya kumvika, wazee wa kike wa ukoo waliitandaza sketi mkekani, mgongo juu, wakaingiza vidole chini yake. Walitembea nayo mtu kwa mtu, kipande kwa kipande, na yeye binti alisimama pale akiwatazama. Walipolifikia pengo, mmoja aliita wenzake. Wakaja wote, kila mmoja akaweka kidole chake ndani yake, na ndipo walipomvika. Baadaye wakamuuliza nani alifuma ule mwisho. Akawaambia ni mwanafunzi wa mama, mgeni, mrefu. Wakasema ni mfumaji, ila anavuta mno.

Nilisikiliza mara mbili. Kisha nikalia, tena kwa sauti, katikati ya marobota, mbele ya wabeba mizigo. Mkononi nilikuwa nimeshika kanga niliyokuwa nimeikunjua punde tu, na pindo lake lilikuwa limeruka, upana wa kiganja kizima bila ua. Shangazi alitoka kwenye kiti chake. Aliitazama kanga, akanitazama mimi, akaona simu, akajua. Alinishika bega mpaka nikatulia. Halafu, maana kontena halimngoji mtu, akachukua kalamu yake.

"Ipite au irudi?" akaniuliza, kwa upole.

Nikajifuta uso kwa mgongo wa mkono, nikaliangalia lile pindo tena.

"Irudi," nikasema.